Kufundisha biashara na uchumi zama za pesa ya simu: tuanze na muamala, tumalizie kwenye mtihani

Leja Safi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walimu wa biashara na uchumi, wahadhiri, watunga mitaala na mzazi yeyote ambaye mtoto wake anajifunza kushika hesabu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imekuja na mtaala ulioanza kuingizwa kwa awamu tangu 2024. Katika mtaala huo Business Studies ni somo la lazima kwa sekondari ya chini, mkondo wa jumla. Zamani Commerce na Book-keeping yalikuwa ya mchepuo, na wanafunzi wengi walimaliza kidato cha nne bila kugusa leja hata siku moja. Hilo ni jambo kubwa na zuri. Hofu yangu iko kwenye namna litakavyofundishwa. Njia rahisi ni kuongeza sura inayoitwa "biashara mtandao", mwanafunzi akakariri faida tano na hasara tano, akapata alama zote, kisha akashindwa kusoma taarifa ya miamala ya genge la mama yake.

Ninachopendekeza ni kwamba kitu cha kwanza kuwekwa mezani kiwe taarifa ya miamala ya mwezi mmoja ya biashara ndogo. Daftari la fedha, leja, urari, kodi, mikopo, hata elimu ya mahitaji na bei, vyote vichipuke hapo. M-Pesa iliingia Tanzania 2008. Muuza chipsi ana Lipa Namba, na dereva wa bodaboda anapokea kwa simu. Kumbukumbu tayari ipo, tena ina tarehe, saa na namba ya muamala. Hakuna duka la zamani lililowahi kuwa na kumbukumbu safi kiasi hicho.

Utaratibu wa vipindi sita hadi nane unaweza kwenda hivi:

Andaa taarifa yenye mistari 60 hivi na safu saba: tarehe, namba ya muamala, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, makato, salio. Kabla ya kuainisha chochote, mwanafunzi ahakikishe taarifa inafunga: salio la mwanzo, jumlisha vilivyoingia, toa vilivyotoka, toa makato, upate salio la mwisho. Mfano: 84,000 + 1,260,000 − 1,105,000 − 14,300 = 224,700. Isipofunga, asiendelee. Kosa linalorukwa hapa hulipiwa kipindi cha tano, darasa zima likitafuta shilingi 14,300 zilizopotea.

Kisha aainishe kila mstari kwa msimbo: mauzo, manunuzi ya bidhaa, gharama za uendeshaji, uhamisho, mkopo, matumizi binafsi ya mwenye biashara, muamala uliorudishwa. Hapa ndipo penye elimu yote, na makosa hujirudia yaleyale:

Kutoa pesa kwa wakala huandikwa gharama. Sio gharama. Fedha imetoka mfuko wa simu ikaingia mfuko wa taslimu. Gharama ni makato tu.

Pesa ya Songesha (mkopo mdogo wa M-Pesa unaokamilisha malipo salio lisipotosha) huandikwa mauzo kwa sababu imesaidia malipo kupita. Lile ni deni. Na mteja akituma 30,000 wakati deni ni 12,000, salio litapanda kwa 18,000 tu. Mwanafunzi akiandika mauzo 18,000 amekosea mara mbili: amepunguza mauzo, na deni limebaki vitabuni ilhali limekwisha kulipwa.

Mauzo huandikwa baada ya makato. Mteja amelipa 50,000, makato 250, imeingia 49,750. Ingizo sahihi ni debiti akaunti ya pesa ya simu 49,750, debiti gharama za makato 250, krediti mauzo 50,000. Ukizoea kuandika 49,750 kama mauzo, mwisho wa mwaka huwezi kujua makato yamekula kiasi gani, na mauzo yako hayatalingana na risiti za EFD, yaani mashine ya risiti za kodi.

Hatua inayofuata ni kulinganisha taarifa na daftari la mauzo la dukani. Huu ni usuluhishi wa kibenki uleule wa vitabuni, ila umekuja na sura mpya. Mauzo ya taslimu yapo kwenye daftari, kwenye simu hayapo. Malipo ya deni la mwezi uliopita yapo kwenye simu, kwenye daftari la leo hayapo. Muamala uliorudishwa umeingia na kutoka.

Baada ya hapo ndipo urari, taarifa ya mapato na mizania. Naomba michango, hasa kwenu mlio darasani.

Msasa

Mkuu, hoja ni nzito lakini tuulizane kwa ukweli. Shule nyingi za kata hazina maabara ya kompyuta, na simu haziruhusiwi kwa wanafunzi. Darasa lina watoto 70. Mwalimu wa Business Studies pengine alisomea Historia na Jiografia, akapewa somo kwa sababu hakuna mwingine. Huu mpango wa taarifa za miamala utaishia shule za ada kubwa, kisha pengo lipanuke zaidi. Na taarifa yenyewe mwalimu ataitoa wapi? Ya mzazi wa nani?

Chaki na Jedwali

Msasa, maswali yote mawili yana majibu.

La vifaa kwanza. Zoezi alilolieleza Leja Safi halihitaji kompyuta. Linahitaji karatasi mbili kwa kila kundi la watoto watano: moja ina mistari 60 ya miamala, nyingine ni jedwali tupu la kuainishia. Darasa la watoto 70 ni makundi 14, karatasi 28, na zinakusanywa kwa ajili ya darasa linalofuata mradi msimbo uandikwe kwenye daftari na karatasi ibaki safi. Walimu wengi wana kishikwambi kutokana na vile vilivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022. Kinatosha kuandalia zoezi na kuhakiki majibu.

Shule yenye kompyuta mbili au tatu isihangaike na leseni. LibreOffice Calc ni bure, inakwenda kwenye mashine ya zamani, na inafungua mafaili ya Excel. Anza na SUM, SUMIFS (inayojumlisha mistari ya msimbo mmoja tu) na kuchuja. Pivoti ije baadaye sana. Mtoto aliyeainisha kwa mkono kwanza anaielewa SUMIFS kwa kipindi kimoja, kwa sababu anajua inafanya kazi gani. Aliyeanza na fomula anaijua kama amri tu, na jibu likiwa la ajabu halimshtui.

Mitego ya kiufundi ambayo hupoteza vipindi: tarakimu zilizonakiliwa kutoka PDF huingia zikiwa maandishi kwa sababu ya mkato wa maelfu, na SUM inatoa sifuri. Ondoa mikato kwa kutafuta na kubadilisha, kisha hakikisha tarakimu zimekaa upande wa kulia wa kiseli. Tarehe 03/04 husomwa Machi 4 kama kompyuta imewekwa mpangilio wa Marekani. Badilisha mpangilio kabla ya kufungua faili, maana ukishafungua na kuhifadhi, uharibifu umekwisha kufanyika. Na namba ya muamala ihifadhiwe kama maandishi, kwa kuwa ndiyo utakayoitumia kutafuta mistari iliyojirudia.

Sasa la taarifa ya nani. Usitumie ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa ya miamala ina majina na namba za simu za watu ambao hawajakuruhusu lolote. Mtoto pia hapaswi kuweka wazi darasani kwamba nyumbani wamekopa. Tengeneza ya kubuni. Chagua biashara moja, tuseme genge. Weka mauzo madogo 35 kati ya 1,000 na 15,000, manunuzi ya jumla 6, makato, vocha, kutoa kwa wakala mara 5, mkopo mmoja na marejesho yake, ada ya shule ya mtoto (hiyo ni matumizi binafsi), na muamala mmoja uliorudishwa. Hakikisha salio halishuki chini ya sifuri popote isipokuwa pale penye Songesha. Kazi ya jioni moja, na inatumika miaka mitatu.

Na kama mwenye duka amekubali kwa maandishi kutoa taarifa yake halisi, futa safu ya majina na namba kabisa, weka M01, M02, sogeza tarehe zote kwa idadi ileile ya siku, zidisha kiasi chote kwa namba moja ileile. Kufunika jina kwa wino mweusi kisha kupiga picha hakutoshi, maana namba ya muamala bado inaonekana.

Mkaguzi wa Ndani

Naongeza upande wa uhasibu, maana makosa haya yanatoka shuleni, yanapita vyuoni na yanafika maofisini.

Wakala wa pesa ni mfano bora kuliko duka kwa kufundishia tofauti ya mali na mapato. Mteja akija kutoa 100,000, floti ya wakala (salio lake la kwenye simu) inapanda 100,000, taslimu inashuka 100,000. Mapato ni sifuri mpaka kamisheni iingie. Mwanafunzi atakayesema wakala "ameuza" milioni tatu leo apewe kazi ya kupanga mizania ya asubuhi na ya jioni. Ataona mtaji uleule, umehama tu kutoka droo kwenda kwenye simu. Mtaji wa 2,000,000 unaweza kuanza siku ukiwa 1,000,000 taslimu na 1,000,000 floti. Saa nane mchana taslimu imebaki 50,000 na wateja wa kutoa wanaondoka. Hilo ni somo la ukwasi ambalo halihitaji tafsiri.

Ngazi ya chuo, peleka mfano huohuo kwenye IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuripoti mapato kinachotumika tangu Januari 2018: nani mhusika mkuu na nani wakala. Programu ya usafiri ikikusanya nauli 10,000 na kubaki na kamisheni 2,500, mapato yake ni yapi? Jibu linategemea nani anaidhibiti huduma kabla haijamfikia abiria. Kijana aliyeanza na wakala wa mtaani ataielewa kanuni hii. Aliyeikariri kama aya ya kiwango ataisahau mwezi mmoja baada ya mtihani wa CPA wa wahasibu.

Kodi nayo ifundishwe kwa risiti mkononi. Bei iliyojumuisha VAT ni 118,000. Wengi wanazidisha kwa asilimia 18 na kupata 21,240. Sahihi ni 118,000 × 18 ÷ 118 = 18,000. Halafu waulizwe: muuzaji ambaye hajasajiliwa VAT anaweza kuidai kwa mteja? Hapana, hata kama ana mashine ya EFD. Kusajiliwa VAT na kuwa na EFD ni vitu viwili, na wahitimu wengi wanavichanganya.

Pwani Mombasa

Nawasalimu ndugu zangu kutoka Kenya. Huku nako somo la biashara kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, limekuwa karatasi mbili, maswali mafupi na insha, pasi na faili wala jedwali la data. Sekondari ya juu ya mtaala mpya wa umilisi ndiyo nafasi ya kurekebisha.

Msitenge mada ya mikopo ya simu ikawa "maadili" au "tahadhari". Ni hesabu, na inafundishika. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kijana akiulizwa riba ni ngapi atasema saba na nusu. Mwambie akope na kulipa kila mwezi mwaka mzima. Kwa hesabu ya kawaida, 7.5 × 12 ni asilimia 90. Kwa riba mchanganyiko, 1.075 kwa kipeo cha 12 ni karibu 2.38, yaani asilimia 138. Kisha mpe Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022 kwa asilimia 8 kwa mwaka: ukikopa 1,000 unapokea 950 kwa sababu asilimia 5 inakwenda akiba. Riba ya siku 14 ni 1,000 × 0.08 × 14 ÷ 365, takriban shilingi 3. Kwa hiyo swali linahama. Riba ni nafuu mno, lakini 950 inafanya nini ndani ya siku 14? Bidhaa gani inazunguka haraka hivyo? Hapo umeingia kwenye mzunguko wa mtaji bila kutaja jina la sura.

Tanzania Benki Kuu yenu ilitoa Novemba 2024 orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mfundisheni mtoto kusoma masharti kwa mpangilio: nimepokea kiasi gani mkononi, nitarejesha kiasi gani, baada ya siku ngapi, na programu inaomba ruhusa ya kuona nini kwenye simu yangu. Maswali matatu ya kwanza yanatoa riba halisi. La nne linaonyesha ni watu gani watapigiwa simu ukichelewa.

Kuhusu kodi, tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki) haikubaliki KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kama punguzo la kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizoachwa na kanuni. Mwanafunzi akielewa hili anaelewa kwa nini hoteli inaacha kununua kwa muuzaji asiye na ankara hata kama bei yake iko chini. Ni somo la uchumi ndani ya somo la kodi.

Ujazi wa Fedha

Nakuja upande wa uchumi, maana uzi umeelemea hesabu.

Pengo kubwa liko kwenye sera ya fedha. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kutumia ujazi wa fedha kama kigezo cha kuendeshea sera, ikahamia kwenye Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, robo iliyofuata ikapanda hadi 6. Ukifungua notisi za kidato cha sita bado kuna kurasa na kurasa za kizidishi cha fedha: akiba ya lazima asilimia 10, kwa hiyo amana ya 100 inazaa 1,000. Hesabu ile ni nzuri kama zoezi, lakini haielezi benki inavyofanya kazi. Benki ya Uingereza iliandika wazi mwaka 2014 kwamba benki ikitoa mkopo inatengeneza amana papo hapo. Mwanafunzi anatakiwa ajue riba ya sera inagusaje soko la fedha baina ya mabenki, soko hilo linagusaje gharama za benki, na kwa nini riba ya mkopo wa mfanyabiashara mdogo inaweza isishuke hata riba ya sera ikishuka. Notisi zibadilishwe hapo kabla ya kuongeza sura yoyote mpya.

Na pesa ya simu iwekwe mahali pake kinadharia. Mtoa huduma hakopeshi salio lako. Kila shilingi iliyo kwenye simu ina shilingi yake kwenye akaunti ya udhamini katika benki ya biashara. Kwa hiyo kampuni ya simu haitengenezi fedha mpya, lakini benki inayotunza akaunti hiyo imepata amana. Faida ya amana hiyo ni ya nani? Tanzania ilishajibu kwa vitendo: Tigo Pesa ilianza kuigawa kwa wateja na mawakala 2014. Mjadala huo mmoja unafundisha amana, riba na udhibiti kwa pamoja.

Unyumbukaji wa mahitaji, yaani mahitaji yanavyobadilika bei ikibadilika, ufundishwe kwa tozo ya miamala. Ilianza Julai 2021, kiwango cha juu TSh 10,000 kwa muamala, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na bajeti ya 2023/24 ikaondoa tozo ya kutuma. Mpe mwanafunzi tarakimu za mfano: gharama ya muamala imepanda kutoka 1,500 hadi 2,500, miamala imeshuka kutoka 1,000 hadi 800. Kwa njia ya wastani, badiliko la kiasi ni −200 ÷ 900, asilimia −22.2. Badiliko la bei ni 1,000 ÷ 2,000, asilimia 50. Unyumbukaji ni −0.44. Sasa asiishie hapo, maana jibu la −0.44 linaweza kumdanganya kwamba watu hawakujali. Muda gani umepimwa, mwezi au mwaka? Waliopungua ni nani, wanaotuma 5,000 au 500,000? Wamehamia wapi, benki, basi la mkoani, au mkononi? Wanafunzi wote wanajua kilichotokea mitaani, kwa hiyo hawatajibu kwa kubahatisha.

Soko la pande mbili, ambapo kampuni inaunganisha wauzaji na wanunuzi, nalo lina mfano wetu. Aprili 2022, baada ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuweka kikomo cha kamisheni asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma Tanzania. Kikomo kikapandishwa baadaye hadi asilimia 25 na kampuni ikarejea. Weka nauli 10,000 na mafuta 3,500 kwa safari. Kwa kamisheni ya 15, dereva anabaki na 5,000. Kwa 25, anabaki na 4,000. Safari 8 za kwanza ni sawa na safari 10 za pili. Swali la mtihani: kwa mazingira gani dereva ananufaika zaidi na kamisheni kubwa? Anayejibu vizuri ataongelea idadi ya abiria, muda wa kusubiri na punguzo ambalo kampuni inawapa abiria. Anayejibu "dereva ananyonywa" au "soko huru" pekee apate alama chache, kwa sababu ametoa msimamo bila uchambuzi.

Kwa vyuo vikuu nitasema moja tu. Fedha za HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, zipo: mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia wa 2021, na mitaala inapitiwa. Tusinunue maabara kisha ekonometriki ikaendelea kufundishwa ubaoni kwa tarakimu nane za kubuni. NBS na Benki Kuu wanachapisha data kila mwezi. Zoezi la wiki ya kwanza liwe kupakua fahirisi ya bei, kukokotoa mfumuko wa bei wa mwaka na wa mwezi, na kueleza kwa nini vinatofautiana. Mtego: mwaka wa kizio ukibadilika, ukiunganisha fahirisi mbili moja kwa moja unapata mfumuko wa ajabu kwenye mwezi wa makutano. Tafuta mwezi wenye fahirisi zote mbili, pata uwiano, kisha zidisha mfululizo wa zamani.

Binti Akaunti

Asanteni, wakubwa. Vipi kuhusu kuuza kupitia Instagram na WhatsApp? Vijana wengi wanaanzia huko, na somo la ujasiriamali linawaambia tu "tangaza mtandaoni upate wateja".

Mkaguzi wa Ndani

Dada, wafundishwe faida ya oda moja. Mfano wa darasani, gauni linauzwa 45,000, limenunuliwa 26,000. Mwanafunzi atasema faida 19,000. Sasa mpe mwezi mzima: oda 30, tatu zimekataliwa mlangoni, 27 zimelipwa. Boda 4,000 kwa kila oda analipa muuzaji, na oda iliyokataliwa inarudi kwa 4,000 nyingine. Mfuko 500. Matangazo 120,000. Makato ya kupokea malipo tuchukue asilimia 1.

Mauzo 27 × 45,000 = 1,215,000. Bidhaa 702,000. Usafiri 120,000 + 12,000 = 132,000. Mifuko 15,000. Matangazo 120,000. Makato 12,150. Kinachobaki 233,850, yaani 8,661 kwa kila oda iliyolipwa. Bando na muda wa kujibu meseji usiku bado havijahesabiwa.

Halafu badilisha kitu kimoja: oda zilizokataliwa ziwe 9. Mauzo 945,000, gharama zote 846,450, kinabaki 98,550. Faida imeshuka kwa zaidi ya nusu ilhali bei, bidhaa na matangazo havijaguswa. Hapo ndipo mwanafunzi anaona kwa nini wauzaji wanadai malipo ya awali, na anaweza kupima: malipo ya awali yakipunguza oda hadi 24 lakini zote zikalipwa, ni bora au si bora? Akokotoe mwenyewe. Kosa la kawaida ni kugawa matangazo kwa idadi ya "walioulizia bei" badala ya waliolipa.

Msasa

Nimekubali sehemu kubwa. Linabaki hili: vipindi haviongezeki. Mkiingiza haya, mnatoa nini? Na mwalimu asiye wa fani anaanzaje?

Leja Safi

Msasa, hilo ndilo gumu kuliko yote, na mageuzi mengi hufia hapo kwa kuogopa kukata.

Ningepunguza orodha: aina za hundi, nyaraka za posta, majukumu ya muuzaji wa jumla kwa pointi saba, ufafanuzi wa bima za aina zote. Yabaki kama usomaji wa nyumbani. Ningepunguza pia kunakili leja ndefu kwa mkono. Akaunti nne zikieleweka, ya kumi na tano haiongezi ujuzi. Nisingegusa mfumo wa ingizo mbili (debiti na krediti) wenyewe. Wako wanaosema programu za uhasibu zimeufanya usiwe na maana. Programu inarekodi haraka kosa uliloipa, na asiyejua ingizo mbili hana njia ya kuligundua.

Mwalimu asiye wa fani asipewe semina ya nadharia. Apewe faili moja la genge, majibu yake, na orodha ya makosa kumi ya kawaida, alifanye mwenyewe lote kabla ya kuingia darasani. Walimu watatu wa shule jirani wakilifanya pamoja Jumamosi moja na kulinganisha misimbo, tofauti zao ndizo zitakazokuwa mjadala wa darasani: je, vocha ya 2,000 ni gharama ya biashara au matumizi binafsi? Majibu mawili yanaweza kuwa sahihi mradi sababu itolewe na isibadilike kati ya mwezi na mwezi.

Lakini yote haya yatakufa kama mtihani utaendelea kuuliza "taja na ueleze". Mwalimu hufundisha kinachotahiniwa, na hana kosa, maana anapimwa kwa ufaulu. Kwa hiyo ombi kwa TET (watunga mitaala) na NECTA (Baraza la Mitihani) ni swali moja la lazima la aina hii, alama 20, linalowezekana kwa karatasi na kalamu katika shule yoyote nchini:

Nusu ukurasa wa taarifa ya miamala yenye mistari 12, na ukurasa wa daftari la mauzo wenye mistari 8 ya siku zilezile. (a) Hakiki salio la mwisho na utenganishe mauzo, mkopo, uhamisho na matumizi binafsi, alama 6. (b) Tafuta tofauti mbili kati ya taarifa na daftari, ueleze chanzo cha kila moja, alama 4. (c) Andika maingizo ya jarida ya miamala mitatu iliyowekewa alama, alama 6. (d) Mwenye duka anataka kukopa 200,000. Kwa kutumia tarakimu ulizopata, mshauri kwa sentensi zisizozidi tano, alama 4.

Usahihishaji uwe na alama za njia. Mwanafunzi akikosea msimbo mmoja kipengele (a), tarakimu zake zote za mbele zitakuwa tofauti na za msahihishaji. Akiadhibiwa kila hatua, atapoteza alama nane kwa kosa moja, na walimu watalikimbia swali. Msahihishaji achukue tarakimu ya mwanafunzi mwenyewe kama mwanzo wa kipengele kinachofuata. Kwenye (d), alama mbili ziende kwa kutumia tarakimu, mbili kwa mantiki ya ushauri. "Akope" na "asikope" yote yakubalike. Jibu lisilo na tarakimu hata moja lisipite alama moja.

Chaki na Jedwali

Mkuu, kwenye (b) ongeza sharti kwamba tofauti moja iwe ya muda na nyingine ya kosa la kweli. Zote zikiwa za muda, mwanafunzi atakariri sentensi moja, "mteja amelipa baadaye", na atapata alama nne bila kusoma daftari. Kosa rahisi la kupandikiza ni tarakimu zilizopinduka, 5,400 kuandikwa 4,500. Tofauti yake ni 900, na tofauti inayogawanyika kwa 9 ndiyo dalili ya kwanza ya tarakimu zilizopinduka.

Leja Safi

Limeingia. Nitaweka hapa mistari 12 ya mfano pamoja na daftari lake, na mwenye darasa la kidato cha pili ajaribu swali hili kwa dakika 40, kisha aweke hapa kipengele kilichowashinda wengi.